Penseli Niliyoipasua Siku ya Sabato

Juzi nilikwenda soko la Daraja Mbili kununua ndizi, nikarudi na penseli. Msinicheke. Kwenye rundo la mitumba, chini ya mikanda na viatu visivyo na wenzake, palikuwa na kiboksi cha mbao chenye penseli kumi na moja ambazo hazijawahi kuchongwa. Kijana muuzaji akaniambia, "Mama, hizo ni za kitambo, hata haziandiki." Nikamwambia aniache na ujinga wangu. Nikaazima kisu kwa mwenye nanasi, nikachonga moja pale pale, na harufu ikanipanda puani mpaka nikalazimika kukalia gunia la mtu nisiyemjua.

Nyumbani ninazo nyingine zaidi ya mia tatu. Wanangu wameshachoka kuniuliza nitazifanyia nini. Ninazo za mistari myekundu na myeusi, zenye tebo za hesabu zimezunguka mwilini, zenye raba kichwani iliyokauka ikawa jiwe. Ninazipanga, ninazifuta vumbi, ninasoma habari zake. Aina moja tu sina, na sitaki. Nikiletewa naikataa, hata kama ni ya bure.

Harufu ile ni ya mtarakwa, mti wa milima yetu wenyewe. Watengenezaji wa ng'ambo walipopungukiwa na mierezi waliyoizoea, waligeukia misitu ya huku, miti ikapasuliwa vibao vyembamba, vikapakiwa melini. Huko kila kibao kilichimbwa vijifereji, ile tunayoiita risasi ikalazwa ndani, kibao cha pili kikabandikwa juu kwa gundi, ndipo zikakatwa penseli. Risasi yenyewe si risasi hata kidogo, ni grafiti na udongo uliochomwa. Kisha wakazipaka manjano, kwa sababu kiwanda kimoja cha Ulaya kilikuwa kimewashawishi watu kwamba manjano ndiyo rangi ya kifalme ya Uchina, na kwamba grafiti bora inatoka pande hizo. Wengine wote wakaiga. Wakapiga chapa ya dhahabu, wakaturudishia mti wetu tuununue. Na sisi, haki ya Mungu, tuliipenda hiyo dhahabu.

Hayo nimeyasoma ukubwani. Utotoni nilijua jambo moja tu, kwamba penseli ni vipande viwili vilivyobandikwa na ukiiloweka majini inafunguka. Laiti nisingelijua hata hilo.

Kwetu ni upande wa juu wa Kebirigo, chai mteremkoni, migomba chini karibu na kijito. Baba tulimwita Tata, kama Abagusii wote. Mama naye kwa Ekegusii tulimwita "baba", lakini nikiandika hivyo mtapotea njia, basi nitamwita mama. Ninyi wa rika langu mnakumbuka jinsi penseli ilivyokuwa mali. Mama aliiweka juu ya kinu, akaipiga panga katikati, nusu kwa huyu, nusu kwa yule. Kikibaki kipande cha kucha, tulikichomeka kwenye kijiti cha mwanzi tukaendelea kuandika. Mimi nilivipenda vile vipande. Niliviokota uwanjani, nyuma ya darasa, njiani, nikaviweka kwenye kopo la kakao. Kimoja kilichonyeshewa mvua kilifunguka kama ganda la njugu, nikaona mfereji ilimolala risasi. Sikumwambia mtu. Nilijiona nimegundua siri ya Wazungu.

Dada yangu mkubwa, Kwamboka, ndiye aliyekuwa kichwa cha nyumba ile. Nasema kichwa kwa maana ya akili. Alikuwa akisoma mabaki ya magazeti yaliyofungiwa sukari, alikuwa akimfanyia Tata hesabu zote, na akitembea alikuwa akitamka maneno ya Kiingereza kwa sauti ndogo mpaka watu wakadhani anasali. Alipofanya mtihani wa darasa la saba mara ya kwanza, kila mtu alijua atakwenda sekondari. Matokeo yakaja. Hakuitwa shule yoyote.

Jioni hiyo baba mdogo Ogero, mdogo wake Tata, alikaa jikoni na kifua wazi kwa hasira. "Wamemfuta," akasema. "Msichana huyu alipita. Huko Nairobi kuna mtu anakaa na raba mkononi. Akiona jina halina mwenyewe, anafuta, anaandika la mtoto wa mkubwa."

"Watu wanasema hivyo," mama akajibu kwa sauti ya chini.

"Si kusema! Wewe jiulize. Kwa nini mtihani mkubwa namna ile wanawaandikisha watoto kwa penseli? Si ili ifutike?"

Hakuna aliyempinga. Mwalimu mkuu alikuwa ameeleza kwamba karatasi ina visanduku, mtoto anakitia giza kile cha jibu lake, na mashine ndiyo inasahihisha, na mashine inataka penseli. Lakini mashine hatukuwahi kuiona. Raba tuliijua. Kila mtu mzima pale jikoni aliamini kabisa kwamba dada yangu amefutwa, na mimi, niliyekuwa nimekaa karibu na mafiga nikichoma kiazi, niliamini kuliko wote.

Tata alimpa mwaka mmoja arudie. "Mmoja tu," akasema. "Ukianguka tena sina la kusema. Kaka yako anangoja." Kwetu ng'ombe wa mahari ya dada ndio wanaomwoza kaka yake mke, na kaka yetu Ombati alikuwa ameshapata mchumba, wazee wa msichana wameanza kunung'unika. Ng'ombe wa Kwamboka walikuwa na pa kwenda hata kabla hawajafika. Kwamboka akaitikia, "Ndiyo, Tata." Tangu siku ile sikumwona akicheza.

Mwaka ule mzima nilikuwa nikimbebea mama kikapu hadi kituo cha kununulia majani ya chai. Karani wa pale alikuwa mtu mnene mwenye haraka. Alipima, akatoa penseli sikioni, akaigusa kwenye ulimi, akaandika kwenye kadi. Maandishi yakatoka zambarau, na ulimi wake ulikuwa zambarau mwaka mzima. Sisi watoto tuliiita penseli ya mate.

"Kwa nini anailamba?" nikamuuliza mama.

"Ikilowa haifutiki. Hata ukisugua na raba, hata ukisugua na mchanga. Wamewapa hizo ili mtu asibadilishe kilo za mwenzake."

Neno hilo lilinishika. Haifutiki. Nikarudi nyumbani siwazi kingine.

Siku moja penseli ya karani ilimtoka sikioni akiinua gunia, ikaangukia kwenye nyasi, karibu na mguu wangu. Nikaikanyaga. Alitafuta, akatukana, akatafuta tena, na mimi nimesimama juu yake natazama mbinguni kama malaika. Alipochoka, nikaiokota kwa vidole vya mguu. Ilikuwa nusu nzima. Katika kopo langu la kakao haikuwahi kuingia kitu cha thamani kama kile, na sikuiokota kwa ajili ya kopo.

Tata alikwenda Kisii mjini akamnunulia Kwamboka penseli ya mtihani katika duka la Mhindi mmoja, nzima, ya manjano, chapa ya dhahabu iking'aa. Akaifungia kwenye sanduku la bati pamoja na vyeti vya ubatizo. Ufunguo uliwekwa mahali ambapo kila mtoto wa nyumba ile alipajua.

Ijumaa alasiri watu wakihangaika kupika kabla jua halijatua na Sabato kuingia, nilitoa penseli ya dukani sandukuni nikaizamisha ndani ya chupa ya maji chini ya migomba. Asubuhi ya Sabato nikalia tumbo. Mama akanigusa paji la uso, akanihurumia, maskini, akaniachia uji, wakaenda kanisani wote. Nikabaki mimi na wembe wa Tata. Penseli ya dukani ilikuwa imelegea, nikaifungua polepole bila kuvunja hata upande. Ile ya karani sikuiloweka, nilijua ingeyeyuka, nikaipasua kwenye mshono wake. Nikang'oa grafiti ya mbele, nikalaza ya zambarau mahali pake. Nusu ya nyuma nikaiacha ilivyokuwa. Nikapaka ulimbo tuliokuwa tukinasia ndege, nikabana, nikafunga kwa uzi wa mgomba, nikaiweka chini ya jiwe la kusagia. Nilikuwa na umri wa miaka tisa, na hadi leo sijafanya kazi ya mikono safi kama ile. Nilijua kufanya kazi siku ya Sabato ni dhambi. Nikamwambia Mungu aihesabu kama yule ng'ombe aliyeanguka kisimani, ambaye mwenyewe anaruhusiwa kumtoa.

Jumapili jioni ikarudi sandukuni. Ukiitazama, ni ile ile. Ikiwa kavu, penseli ya mate huandika kijivu kama penseli nyingine. Nilifurahi jamani! Nililala nikimwona yule mtu wa Nairobi anasugua jina la dada yangu, anasugua, anatoka jasho, na jina halitoki.

Siku ya mtihani Kwamboka aliondoka alfajiri, mafuta usoni, viatu vya kuazima. Mama alimtemea mate kifuani kumbariki. Nilimshika mkono nikamwambia, "Safari hii hawatakuweza." Akacheka, akanipiga kofi dogo la kichwa.

Alirudi jua likiwa limeinama. Nilimkimbilia, kisha nikasimama. Vidole vyake vilikuwa zambarau, kiganja zambarau, hata pembe ya mdomo alipojifuta. Alipita akaingia jikoni, akakaa chini.

"Penseli ilikuwa mbovu," akasema. "Nikitoa jasho inageuka rangi. Nilikosea kisanduku kimoja nikafuta, ikapakaza yote. Nikafuta tena, karatasi ikachanika. Nikamwita msimamizi, akasema muda unakwenda, niandike tu. Akanipa ya kwake mwishoni, maswali yamebaki manne."

"Nyasae!" mama akamwita Mungu.

"Karatasi yangu yote ilikuwa madoa, mama."

Wanasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Uongo. Yangu yalikuja pale pale, nimesimama mlangoni. Nilijua ni mimi. Kwa kuwa nilikuwa mtoto, hakuna aliyenitazama.

Kesho yake Tata alikwenda Kisii kwa miguu na mabaki ya penseli mfukoni. Baba mdogo Ogero aliyefuatana naye ndiye aliyetusimulia. Tata alimwita yule Mhindi mwizi mbele ya wateja, akamwambia amemwuzia mtoto wake sumu. Mwenye duka aliigeuza penseli mkononi, akaichungulia ncha kwa muda mrefu, akasema, "Mzee, kiwanda hakitengenezi namna hii. Huu si ubandikaji wa kiwanda." Tata akazidi kupiga kelele. Basi yule mtu akavuta droo, akampa penseli mpya, nzuri kuliko ya kwanza, akasema aichukue bure, na amwombee mtoto. Tata aliirudisha nyumbani akanikabidhi mimi. "Hii ni yako," akasema. "Siku yako ikifika." Nikaipokea kwa mikono miwili, kama nilivyofunzwa.

Matokeo yalipokuja, Kwamboka hakuwa na alama za kumpeleka popote. Mwalimu mkuu akasema labda mashine haikuiona rangi ile. Nami nikisoma vitabu vyangu siku hizi naona ndivyo ilivyokuwa, mashine zile zilitafuta grafiti, na penseli ya mate zaidi ni rangi. Lakini baba mdogo Ogero alicheka kwa dharau. "Mara ya kwanza penseli ilikuwa nzima, akafutwa. Leo mnaniambia penseli! Mashine gani yenye macho ya kuchagua rangi? Wamemfuta tena, basi." Nilimwona Kwamboka akiinua kichwa aliposikia hayo. Ndilo neno pekee alilolishika siku ile.

Aliolewa kabla ya mahindi kukomaa. Ng'ombe waliingia kwetu asubuhi, hata wiki haijaisha wakatoka kwenda kwa kina mke wa Ombati. Mumewe hakuwa mtu mbaya sana wala mzuri, alikuwa mtu wa pombe. Siku ya kuondoka Kwamboka aliniachia daftari zake zote, akanifundisha njia ya mkato ya kugawanya namba kubwa, haraka haraka, tumesimama nyuma ya nyumba, wanawake wanamwita. Nilitaka kumwambia. Nikamwuliza kuhusu sehemu za desimali.

Siku yangu ilipofika niliandika kwa ile penseli ya bure, nikapita. Nikasoma, nikawa mwalimu, nikafundisha hadi nikastaafu. Kila mtihani nilimpa kila mtoto penseli mwenyewe na kuijaribu kwanza kwenye karatasi yangu. Walinisifu kwa uangalifu. Nilikuwa nikisifiwa natamani ardhi ipasuke.

Nilipostaafu nikajiambia siwezi kufa na jambo hili. Nikaenda kwa Kwamboka. Nilimkuta uani anachambua maharagwe, mjane sasa, magoti yamemchoka. Nikakaa kwenye kigoda nikamweleza yote, karani, chupa, Sabato, wembe, ulimbo. Sikuficha hata kidogo. Mikono yake iliendelea kuchambua mpaka nilipomaliza.

"Ulikuwa na miaka mingapi?" akauliza.

"Tisa."

"Tisa." Akatupa jiwe dogo pembeni. "Na kwa nini umeniambia?"

"Kwa sababu ni kweli, dada. Nilitaka uniseme, unipige, chochote."

"Nimezaa watoto saba," akasema. "Wote nimewaambia, mama yenu alipita, wakamfuta. Mume wangu akilewa akiniita mjinga, nilikuwa nanyamaza, kwa sababu moyoni najua, mimi si mjinga, mimi nilipita, waliniibia wakubwa. Nimechuma chai miaka yote hii na hilo. Leo unaniambia hakuna aliyeniiba? Ni mtoto na ulimbo wa ndege?"

"Nisamehe, Kwamboka."

"Ile ya penseli nimekusamehe, ulikuwa mtoto. Hili ulilonichukulia leo, wewe ni mtu mzima."

Mjukuu wake wa kike, wa miaka kama kumi hivi, akatuletea chai. Kwamboka akamshika mkono asiondoke.

"Hebu mwambie nyanya yako huyu," akasema, "mimi nilisoma mpaka wapi."

Mtoto akasimama wima kama anakariri sala. "Nyanya alisoma mpaka darasa la saba, akapita, halafu wakamfuta jina."

"Muulize kama ni kweli. Yeye alikuwepo."

Mtoto akanigeukia. "Ni kweli, nyanya?"

Kwamboka alikuwa ananitazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Ni kweli," nikasema. "Alipita. Walimfuta."

Akamwachia mtoto mkono, akarudi kwenye maharagwe yake. Chai niliinywa peke yangu. Nilipoaga aliitikia bila kuinua kichwa, na hakunisindikiza.